Stars wametoka AFCON, sasa kocha nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naandika haya Februari 2024. Toka tarehe 24 Januari Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, ilivyotoka bila kufungana na DR Congo pale Korhogo, Ivory Coast, kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), na safari ikaishia hapo, kila ninapopita ni kocha, kocha, kocha. Mimi nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 huku Mbagala, jumamosi na jumapili asubuhi, kwa hiyo wazazi wakija kuchukua watoto wao wananibana mimi. Maswali ni yaleyale, nimeyaweka hapa na majibu yangu. Pale penye maoni yangu nimesema ni maoni yangu.

Kwani tulitokaje hasa? Wengine wanasema tulicheza vizuri, wengine aibu tupu

Wote wana haki kidogo. Mechi ya kwanza San Pedro, Morocco 3 sisi 0, Novatus wetu akapewa kadi nyekundu, hiyo haina mjadala, wale jamaa walikuwa wametoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022. Mechi ya tatu na DR Congo 0-0, na hao DR Congo walienda mpaka nusu fainali, kwa hiyo ile sare sio ya kuidharau.

Mechi inayouma ni ya katikati, Zambia, tarehe 21. Msuva anafunga dakika ya 11 kwa pasi ya Samatta, kabla ya mapumziko Zambia wanabaki kumi baada ya Kabwe kutolewa. Mi nilikuwa kibanda umiza kimoja hapa Mbagala Rangi Tatu, tumebanana mpaka mlangoni, mzee mmoja mbele yangu kashika mkebe wa karanga anauza huku haangalii hata chenji. Kipindi cha pili tukawa tunarudi nyuma, tunarudi nyuma, tuko kumi na moja na wao kumi ila ungedhani ni kinyume. Dakika ya 88 kona, kaipiga Chama, yule yule Chama tuliyekuwa tunamuona kila wiki akiwa na Simba, Daka akaruka na kichwa, 1-1. Ukumbi mzima ukawa kimya, nikasikia feni tu. Yule mzee akafunika mkebe wake akatoka.

Sasa piga hesabu. Tungeshinda ile tungekuwa na pointi 4 baada ya ile sare ya mwisho, DR Congo walimaliza na 3, maana yake tungevuka nafasi ya pili. Tukamaliza wa mwisho na pointi 2. Na mpaka hapo AFCON tatu, 1980, 2019 na hii, mechi tisa, tulikuwa hatujawahi kushinda hata moja. Kwa hiyo hasira za watu nazielewa, na mi mwenyewe ninazo.

Amrouche kafukuzwa au kasimamishwa?

Kasimamishwa. Adel Amrouche ndo kocha tuliyeanza naye mashindano. Kabla ya mechi ya Morocco alisema kwenye mahojiano kwamba Morocco wana nguvu sana ndani ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, Morocco wakalalamika, CAF wakamfungia mechi 8, na TFF, shirikisho letu la soka, nao wakamsimamisha tarehe 19 Januari. Timu akapewa Hemed Suleiman akisaidiwa na Juma Mgunda, yani siku mbili tu kabla ya Zambia. Kusimamishwa na kuvunja mkataba ni vitu viwili tofauti na hapa ndo pa kuwa makini, kocha ukimuondoa vibaya anaenda FIFA kudai chake na huwa wanalipwa.

Kocha wa timu ya taifa anachaguliwa na nani? Serikali au TFF?

TFF. Watu wa ufundi wanapendekeza, Kamati ya Utendaji inaamua. Ila serikali ina mkono wake kwenye hela, wakati wa Kikwete serikali ndo ilikuwa inamlipa Maximo, na anayelipa huwa ana la kusema hata kama halijaandikwa popote. Sioni ubaya kama hela inakuja kwa wakati. Ubaya ni jina la kocha kuamuliwa na mtu ambaye hatawajibika timu ikifungwa.

Mzungu au mzawa?

Hili ndo swali naulizwa kuliko yote na ndo swali ninalolipenda kidogo kuliko yote, manake tumeshajaribu kila rangi na kila pasipoti. Hesabu na mimi. Maximo Mbrazili 2006 mpaka 2010. Jan Poulsen Mdenmark. Kim Poulsen Mdenmark mwingine. Mart Nooij Mholanzi, huyo aliondoka 2015 mara tu baada ya Uganda kutupiga 3-0 nyumbani, pale Amaan Zanzibar. Mkwasa, mzawa. Mayanga, mzawa. Amunike Mnigeria. Ndayiragije Mrundi. Kim Poulsen tena, tulimuacha 2014 tukamrudisha 2021. Honour Janza Mzambia. Amrouche mwenye asili ya Algeria. Hao ni makocha kumi, ukimhesabu Kim mara mbili ni kumi na moja, kwa miaka 18 na sijahesabu makaimu.

Sasa niambie kwenye hiyo orodha pasipoti ipi ilifanya kazi? Amunike alitupeleka AFCON 2019 baada ya miaka 39, Amrouche akatupeleka hii ya juzi kwa ile 0-0 ya Annaba dhidi ya Algeria, wote wawili Waafrika kwa kuzaliwa na wote wawili waliishia vibaya. Mkwasa alikuwa mbele ya Algeria 2-0 hapa Dar mwaka 2015 ikaisha 2-2, siku tatu baadae kule kwao wakatupiga 7, na watu wakasema mnaona mzawa hawezi, ila mbona Nooij alivyopigwa 3 na Uganda hakuna aliyesema Mholanzi hawezi? Mzawa akifungwa wanahukumiwa wazawa wote, mgeni akifungwa anahukumiwa yeye peke yake. Hilo linaniumiza kwa sababu kuna vijana wanasomea leseni za CAF kwa hela zao wenyewe huku mitaani na wanajua mlango wa juu kabisa huwa unafunguliwa kama dharura tu.

Kwa hiyo jibu langu, acheni kuuliza anatoka wapi, ulizeni anaijua kazi gani.

Lakini Ivory Coast si walimpa mzawa katikati ya mashindano wakabeba kombe?

Kweli kabisa na ni stori nzuri sana. Equatorial Guinea wanawapiga 4-0 nyumbani kwao, siku mbili baadae Gasset anaondoka, wanavuka kama moja ya timu bora za nafasi ya tatu na pointi 3 tu, wanajaribu hata kumuazima Renard aliyekuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wanakataa, basi Emerse Faé anapewa timu. Anamtoa Senegal kwa penati, anamtoa Mali, anamtoa DR Congo, na tarehe 11 Februari anamfunga Nigeria 2-1 fainali.

Ila angalia vizuri alichokuwa nacho. Faé alikuwa tayari kwenye benchi la Gasset, anawajua wachezaji kwa majina ya watoto wao. Na wale wachezaji wanacheza Ujerumani, Uingereza, Italia. Sisi tulifanya hivyo hivyo, tukamtoa kocha katikati tukampa aliyekuwa ndani, tukapata pointi 2 kwa mechi mbili, ambayo kwa kweli ni nyingi kuliko tulizopata 2019 nzima. Kilichokuwa tofauti ni kikosi. Kumfukuza kocha hakukuwapa Ivory Coast wachezaji, walikuwa nao.

Kwanini tusimchukue kocha wa Yanga au wa Simba tu? Wanatujua

Majina nayasikia. Gamondi wa Yanga na Benchikha wa Simba, ndo waliokuwepo msimu huu wa 2023/24, na wengine bado wanamlilia Nabi aliyewapeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Ni makocha wazuri sana sikatai.

Shida ni kwamba kazi ya klabu na kazi ya timu ya taifa hazifanani. Kocha wa klabu ana wachezaji kila siku asubuhi, akitaka winga anasajili winga. Kocha wa Stars anawapata wachezaji siku tisa kumi kwenye kalenda ya FIFA, mwingine katua na ndege jana usiku, mwingine hajacheza mwezi mzima klabuni kwake, anafanya mazoezi matatu mechi hiyo hapo. Kuna kocha hodari wa kujenga timu miezi sita ambaye ukimpa siku nne anapotea. Na halafu kuna hili la Simba na Yanga, ukimtoa kocha Jangwani, kwa Yanga, ukampa Stars, siku akimuacha mchezaji wa Msimbazi, yani wa Simba, hatutajadili mpira tena. Amunike 2018 aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kambini na nchi ilichemka, na yeye hakuwa na klabu yoyote hapa.

Tumeshawahi kumchukua kocha wa klabu, Ndayiragije alikuwa Azam 2019, akaanza kama kaimu, akawatoa Kenya kwa penati kwenye kufuzu CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, akapewa kazi ya kudumu. Alitupeleka CHAN. AFCON hakufika, na Februari 2021 akaondoka.

Maximo mbona alipendwa vile na hakutupeleka AFCON?

Kwa sababu alitufanya tuende uwanjani. Nilikuwa kijana kipindi kile, watu walivaa jezi ya taifa mtaani siku ya mechi, kitu ambacho kabla yake sikukiona. Na alikaa miaka minne, akatupeleka CHAN ya kwanza kabisa 2009. Alikuwa na makosa yake, suala la kutomuita kipa Kaseja mpaka leo watu hawajamsamehe. Lakini ulikuwa unajua anataka nini. Hata asiyempenda alikuwa anajua Stars ya Maximo inachezaje.

Kwanini hawakai? Tatizo wao au sisi?

Kwa maoni yangu tatizo ni namna tunavyochagua. 2019 mechi ya mwisho na Algeria ilikuwa tarehe 1 Julai, tarehe 8 Julai Amunike hayupo. Wiki moja. Kwa wiki moja huwezi kujua kilichoharibika ni nini. Ile mechi ya Kenya tuliongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, tukafungwa 3-2, Olunga akamalizia dakika ya 80. Ulikuwa ni mfumo? Ilikuwa ni pumzi? Kambi ilikuwa fupi? Mimi ningetaka kusoma ripoti ya mechi hizo mpaka leo, mtu aseme kwa maandishi kilichotokea, halafu ndo tutafute kocha wa kukiponya. Badala yake 2019 tulifungwa tukiwa tumeongoza na 2024 tukasawazishiwa tukiwa tumeongoza, kocha tofauti, ugonjwa uleule.

Sasa tazama majirani zetu wa Comoro. Amir Abdou alipewa timu 2014, nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, walikuwa hawajawahi kufuzu chochote. Walimuacha afanye kazi. AFCON ya Cameroon wakafuzu mara ya kwanza, wakamfunga Ghana 3-2, wakaingia 16 bora. Karibu miaka nane mtu mmoja. Baadae akaenda Mauritania, na Januari 2024 huyo huyo kamfunga Algeria 1-0 na kuivusha Mauritania kwenye makundi kwa mara ya kwanza. Senegal nao, Cissé alianza 2015, akapoteza fainali 2019, hawakumfukuza, akachukua kombe 2022. Angekuwa kwetu angefukuzwa mara tatu hapo katikati.

Wale vijana wa ughaibuni walioitwa na Amrouche, kocha mpya awaache?

Awaangalie mmoja mmoja. Watu wanawaweka kapu moja na sio haki. M'Mombwa alifunga goli pekee tulivyomfunga Niger Novemba 2023 kwenye kufuzu Kombe la Dunia, Haji Mnoga anapambana kweli. Wengine wanacheza ligi za chini sana na sioni wanachomzidi beki wa Coastal Union anayecheza kila wiki kwenye jua la saa kumi. Kigezo kiwe kimoja, unacheza na unacheza vizuri, basi. Na akiitwa mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa ughaibuni tusimuite mamluki, baba yake ametoka Tanga au Zanzibar kama wewe.

Ungepewa wewe uandike tangazo la kazi ungeandika nini?

Hapa ndo nataka watu wanisikilize, manake tunabishana majina na kazi yenyewe hatujaiandika.

Mwaka 2027 AFCON inakuja hapa, Tanzania, Kenya na Uganda, tulishapewa toka Septemba 2023. Kwa hiyo kocha tunayemchukua sa hivi hatafutwi kwa ajili ya mechi ijayo, anatafutwa kwa ajili ya siku ile Dar es Salaam uwanja umejaa na mtoto wako kakaa begani kwako. Ningeandika mkataba mpaka mashindano hayo yaishe, na malengo ya katikati yanayoeleweka, kufuzu 2025, na mtindo wa kucheza unaoweza kuuelezea kwa mtu wa kawaida. Ningeandika kwamba anaishi hapa, sio anatua siku tatu kabla ya kambi. Anaenda uwanja wa Kaitaba Bukoba, anaenda Sokoine Mbeya, anaenda Liti Singida, anaona wachezaji wasio wa Simba na Yanga kwa macho yake. Anakaa na makocha wa vijana ili mtoto wa miaka 17 akipanda asianze kufundishwa upya. Awe ameshawahi kufundisha timu ya taifa au amekaa benchi la timu ya taifa, kwa sababu ya zile siku nne nilizosema. Awe na msaidizi mzawa mwenye kazi ya kweli, anayeingia kwenye mipango, asiwe wa kukusanya koni.

Na ningeandika upande wetu pia. Mshahara tarehe fulani, mechi za kirafiki na timu zinazotuzidi, kambi inaanza siku hii, na hakuna anayempigia simu kumwambia fulani apangwe. Mkataba wenye masharti ya upande mmoja ndo unaleta kesi.

Ukishaandika hivyo majina yanajipunguza yenyewe, hutahitaji kubishana hadi asubuhi.

Hemed Morocco anafaa au aendelee kukaimu tu?

Kwanza kwa wanaochanganya, huyu ni yule yule Hemed Suleiman, Morocco ni jina lake la mpira, kwao Zanzibar, na ndo aliyeipeleka Zanzibar Heroes, timu ya Zanzibar, fainali ya Kombe la Chalenji 2017 kule Kenya wakatolewa kwa penati. Aliokota timu iliyotoka kufungwa 3, kocha kafungiwa, akapata sare mbili. Kwangu anastahili kuingia kwenye orodha na kuhojiwa kama wengine wote, kwa vigezo vilevile. Nisichokitaka ni kumuacha kaimu mwaka mzima. Kaimu hawezi kumwambia nyota akae benchi, wachezaji wanajua anaweza asiwepo mwezi ujao. Kama ni yeye, apewe mkataba na mshahara wa kocha mkuu. Kama sio yeye, aambiwe mapema na kwa heshima.

Kocha mpya ataleta magoli?

Kidogo sana. Tumefunga goli moja mechi tatu, na mfungaji ni Msuva, na 2019 wafungaji walikuwa Msuva na Samatta. Miaka mitano imepita na majina ni yaleyale mawili.

Jumamosi nina watoto 26 na mipira mitatu, mmoja umevimba upande. Nikitaka kufundisha kumalizia, mtoto anapiga shuti moja halafu anasubiri foleni, kwa saa nzima anapiga mashuti saba labda nane. Mtoto wa akademi kubwa anapiga hayo kabla hajatoa jasho. Kocha wa Stars atamkuta huyu mtoto akiwa na miaka 22, kalamu imeshakauka. Kwa hiyo anayewaambia kocha fulani atatuletea straika, mwambieni kocha haleti straika, anamkuta.

Mechi gani kubwa inafuata baada ya AFCON hii?

Juni 2024, kufuzu Kombe la Dunia, ugenini kwa Zambia. Mpaka Februari 2024 tulikuwa na pointi 3, tulimfunga Niger 1-0 tukafungwa na Morocco 2-0, na Zambia nao walikuwa na 3. Ni Zambia hao hao wa ile 1-1, na kona atapiga nani wote tunajua. Mimi na watoto wangu wiki hii tumeanza mazoezi ya kuzuia kona, nani anakaa nguzo ya karibu, nani anamshika mrukaji, nani anatoka kwenye mpira wa pili. Kuna dogo mmoja beki, mfupi, ana miaka 11, ameniuliza sasa kocha mbona siku ile hakuna aliyemshika Daka. Nimemwambia asimame hapo alipokuwa Daka, mi nikaenda kupiga kona.